Shikamoo ya Kazungu

Nakumbuka safari moja ya treni, mwanangu, na kila nikiikumbuka huuonea haya mkono wangu wa kulia, maana ndio uliofanya kosa. Wewe jirani yangu umeniambia wiki ijayo wampeleka mtoto wako Nairobi kwa wakwe, na kwamba tangu daktari akuambie ana usonji huna raha. Kaa kidogo basi. Chai ipo.

Tulikuwa tukiishi hapa hapa Mjambere. Kazungu wangu alikuwa na miaka sita na hasemi. Dadake Dama alikuwa na minne. Baba yao alifanya kazi Nairobi, na mamake, yaani mavyaa wangu, alikuwa amekwenda kukaa naye. Huyo mavyaa alishasema mbele ya jamaa kwamba mtoto hana ugonjwa wowote, ila ana mama asiyejua kulea, kwa sababu Kazungu hajawahi kumwamkia. Maneno yale yaliniingia mpaka ndani. Nikaapa kwamba akishuka Nairobi atamwamkia bibi yake, apende asipende.

Tulipanda treni Miritini asubuhi. Viti vilitazamana, meza ndogo katikati, na mbele yetu aliketi mama mtu mzima wa Likoni, Bi Mwanaisha, na kikapu cha mahamri mapajani. Nikamwamkia, Dama naye akamwamkia. Kazungu alikuwa ameziba masikio kwa sababu ya honi, macho yake kwenye vifuniko vya soda anavyovibeba ndani ya kopo popote aendapo.

Nikaona hapo ndipo pa kufanyia mazoezi. Nikamshika mkono, nikaunyoosha kwa yule mama, nikamwambia asalimie. Akauvuta. Nikaunyoosha tena, kwa nguvu. Hatujafika Mariakani mtoto analia na kujipiga kichwa, vifuniko vimetapakaa sakafuni, abiria wote wametugeukia. Mwanamume mmoja akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Nami, Mungu anisamehe, nikamfinya mwanangu.

Bi Mwanaisha akaweka kikapu chini. Hakupaza sauti.

“Hiyo shikamoo ni yangu,” akaniambia, “na mimi sijaitaka. Wewe waitaka ya nini?”

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikusemeka mbele za watu. Niliitaka ili mavyaa akiri kwamba mimi ni mama. Mtoto mwenyewe nilikuwa nimemsahau.

Yule mama, na magoti yake mabovu, akainama akaokota vifuniko pamoja na Dama, akavipanga mezani kwa mstari. Akaniomba nimpishe mtoto akae dirishani, mbali na njia ya wapitao. Kisha akamwacha. Hakumgusa, hakumwita, hakumkodolea macho. Tulipopita Voi Kazungu alikuwa ametulia. Karibu na Mtito Andei alichukua kifuniko cha kijani, kile ambacho hata dadake haruhusiwi kukigusa, akakiweka juu ya goti la Bi Mwanaisha.

Yule mama akakitazama, akaweka mkono kifuani.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akasema.

Nililia, mwanangu. Mara ngapi nilivikuta vifuniko juu ya mto wangu wa kulalia, nikavitupa nikidhani ni uchafu!

Mavyaa alitupokea stesheni na mkono wake ameshaunyoosha. Kazungu akajificha nyuma yangu. Safari hii sikumsukuma. Nilimwambia mavyaa tungoje kidogo. Tukangoja, watu wakitupita na mizigo, yeye amekunja uso. Kisha kifuniko kikawekwa kiganjani mwake, nami nikamweleza kwamba ndiyo shikamoo ya mtoto. Hakuitikia. Sikudanganyi, aliondoka stesheni na kinyongo. Lakini asubuhi ya tatu nilimsikia jikoni akisema marahaba, na nilipochungulia nikaona vifuniko vitatu mbele ya kikombe chake.

Basi nenda, mwanangu. Mwombee mtoto kiti cha dirishani, mbebee chakula alichokizoea na kile kitu chake asichoachana nacho. Abiria wakigeuka, waambie kwa neno moja hali yake, kisha uwape mgongo. Hao watashuka, wewe utabaki naye. Usimtese mwanao ili upate sifa za watu. Akikosa kukupa salamu ya kinywa, tazama mikono yake, na ukiona kitu kimewekwa, itikia.

Mungu awafikishe salama, awalainishie mioyo watakaowapokea, na akurudishe kwangu ukiwa na moyo mweupe.

Na kabla hujainuka, tazama hapo karibu na kikombe chako. Hicho kifuniko sikukiweka mimi. Kazungu alipita sasa hivi, na amesimama mlangoni anakungoja.