Mshale wa Oili Njia ya Kutus

Wale tuliokuwa darasa la nne huko Giakanja miaka ya sabini ilipoanza, miguu yetu bado inaikumbuka ile baridi. Tulikanyaga umande peku hadi shuleni, viazi vitamu vya moto mfukoni, tukivipapasa ili vidole viweze kushika penseli. Watoto wa leo wakinyeshewa kidogo wanapiga simu waletewe sweta. Hatukuwa mashujaa, ila sweta hazikuwepo.

Nyumbani kwetu tulikuwa na kitu kingine cha kutupasha joto, nalo ni lori la Baba, la pua ndefu, lililobeba viazi na mbolea. Alfajiri alipoliwasha tulilizunguka tukiweka viganja juu ya boneti. Mimi aliniketisha karibu naye. Alinipenda kupita wote, sioni haya kusema, kwa sababu nilirithi jina la mama yake, Wangari, na hakuwahi kuniita kwa jina hilo. Aliniita maitu, yaani mama.

Mwaka ule mshale wa geji ya oili, kipimo cha nguvu ya oili ndani ya injini, ulianza kuanguka kwenye rangi nyekundu kila tukiwa safarini. Asubuhi, hata hivyo, ulipanda vizuri, na Baba akawaita majirani washuhudie. "Gari iko sawa," aliwaambia. "Ni hii geji iko na uongo." Kisha akaongeza oili nzito ya giaboksi, mshale ukapanda zaidi, akafurahi. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa baridi yetu oili huganda kama uji wa jana, na injini iliyochoka ikaonekana nzima.

Aliyejua ni Mzee Shabani, fundi wa Majengo mjini Nyeri, rafiki wa Baba tangu ujana wao. Idd ikifika alituletea sufuria ya pilau. Krismasi nasi tulimpelekea kuku akiwa hai, ili amchinje mwenyewe. Siku tuliyompelekea lori aligusisha bisibisi ndefu kwenye injini, akatega sikio kwenye mpini wake, akakunja uso.

"Baba Wangari, usipime gari asubuhi. Baridi ya kwenu inakudanganya. Pima ikiwa moto, ikipanda mlima."

Akamwaga ile oili nzito, akatia ya kawaida. Akafunga geji yake mwenyewe kwenye injini, mpira wake mrefu akaupitisha dirishani, akanipakatisha geji hiyo. Mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani, na lori jingine lilikuwa limefunguliwa mbele yake, kwa hiyo alinituma mimi. Baba aliijua rangi nyekundu ya geji yake, lakini ile ya Shabani ilikuwa na tarakimu tupu, na tarakimu Baba hakujua kuzisoma.

"Wewe umesoma, mwanangu," Shabani aliniambia. "Mkitoka Kutus kupakua viazi, mkianza kupanda kutoka Sagana, angalia namba. Ikikaa arobaini, injini ni nzima, nitabadilisha geji ya baba yako tu. Ikishuka chini ya ishirini, rudini polepole nifungue injini."

Kutus tulipakua viazi, Baba akaninunulia ndizi, lakini yeye hakula. Alisema injini ikifunguliwa itakaa wazi msimu mzima wa kahawa, na watu wa mbolea watatafuta lori lingine. Aliyasema akitazama kando, na mimi sikuwahi kumwona Baba akiogopa. Niliogopa pia.

Tulipoanza kupanda kutoka Sagana, mshale mapajani mwangu ulishuka. Thelathini. Ishirini. Kwenye kona kali ukasimama kumi na mbili, ukabaki hapo ukitetemeka.

"Inasema ngapi, maitu?"

Nikamtazama usoni. Nikasema, "Arobaini."

Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi, akaimba mpaka Karatina. Jioni nilimwambia Shabani arobaini vilevile. Aliniangalia, akaiangalia geji yake, akaifungua kwenye injini. Kisha akafunga geji mpya mbele ya usukani na kumwambia Baba injini ni nzima. Mshale wa geji mpya ulipoangukia nyekundu, Baba alisema hata hii imezaliwa na uongo.

Haukupita mwezi. Juu ya mlima karibu na Gakindu, lori likiwa limejaa mbolea, injini iligonga mara kadhaa kisha chuma kikatoboa ubavu wake. Baba alisimama barabarani akitazama oili ikinywewa na udongo mwekundu. Lori lilivutwa hadi nyumbani na halikuondoka tena. Kuku wakataga kwenye kiti chake, na Baba akawa mchumaji katika kahawa ya watu.

Kila soko alilokwenda alisema Shabani si fundi. Watu wakamwamini, wakapeleka magari kwingine. Pilau haikuja tena. Yule kuku wa Krismasi tulimla wenyewe, na mimi nyama yangu nikairudisha sufuriani.

Baba alifariki miaka mingi baadaye bila mimi kumwambia. Shabani alikuja mazishini akitembelea bakora, akasimama nyuma ya wote. Watu walipotawanyika aliniita.

"Mwanangu, siku ile ya Kutus, ilisema ngapi?"

"Kumi na mbili, Mzee."

Akaegemea bakora yake. "Ile geji niliitupa Mto Chania," akasema. "Masikio yangu yalisema injini ni mbovu, geji ikasema ni nzima. Injini ilipopasuka nikaona geji ndiyo iliyoharibika, au ni mimi niliyeifunga vibaya. Tangu siku hiyo sikuiamini tena mikono yangu, wala masikio yangu."

Juzi nilipeleka gari langu mjini. Kijana mmoja anayetafuna chingamu alichomeka kimashine chini ya usukani, akasoma ugonjwa wote kwenye kioo bila hata kugusa injini. Nilitaka kumcheka, kama tunavyowacheka wa rika lake, kwamba hajui kutega sikio kwenye bisibisi. Lakini kimashine chake hakimtazami mtu usoni kabla ya kujibu. Enzi zetu injini ilihitaji mtoto wa kuisemea kweli, na mtoto huyo nilikuwa mimi.