Sufuria ya Dolma ya Bi Gulizar

Kwa siku tatu Bi Gulizar, Mkurdi wa miaka themanini na mmoja, alikuwa amekataa chakula katika makao ya wazee ninamofanya kazi hapa Edgbaston, ughaibuni. Daktari alikwisha kukata shauri: asipokula kufikia saa saba mchana wa Ijumaa, atapelekwa hospitalini akalishwe kwa mrija.

Wasimamizi walijitetea kwamba walimpa chakula cha Kikurdi. Chakula chenyewe kilikuwa majani ya mzabibu ya kopo, yaliyoviringishiwa wali, baridi, yakiogelea katika mafuta. Wako Wagiriki wanaoyapenda hivyo, na ni haki yao. Waturuki wana namna yao, Wairani yao. Lakini kumpa mtu chakula cha jirani yake, kisha kuandika katika faili kwamba amekataa hata cha kwao, ni dharau, nami sitaipa jina jingine.

Kerubo, mhudumu aliyemwosha na kumvisha kila asubuhi, hakubishana na yeyote. Alikwenda mtaa wa Balsall Heath kwa muuza duka Mkurdi, akauliza. Alirudi na majani, mbavu za kondoo, malimau na maelekezo: mbavu chini, dolma, yaani majani yaliyoviringishiwa wali, juu yake, kisha sufuria yote ipinduliwe juu ya sinia mbele ya mlaji.

Mkuu wa jikoni, Kewal, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alimwachia jiko moja.

"Dada, hii ikiharibika tutafukuzwa wote. Tutarudi Kisumu kwa miguu."

"Mimi kwetu Kisii, mzee. Utamalizia safari peke yako."

Ijumaa, ilipofika saa saba kasoro robo, gari la wagonjwa lilikuwa limesimama mlangoni. Kerubo alitua sufuria mbele ya Bi Gulizar, akaifunika kwa sinia. Hapo akakosea kama ambavyo mpishi wa kwetu tu angekosea: aliishika apindue papo hapo, kama apinduavyo ugali.

Mkono mkavu ulimkamata. Bi Gulizar, ambaye hakuwa amemgusa mtu kwa siku tatu, alitikisa kichwa, akanyoosha vidole vyote kumi.

"Anataka nini?" Kewal aliuliza.

"Itulie dakika kumi. La sivyo itabomoka."

"Machela imeshashushwa, dada."

"Basi kawazuie, mzee. Waulize habari za kriketi."

Kewal akatoka. Magurudumu yalisikika ukumbini, yakasimama, yakaanza tena. Mara mbili Kerubo alitaka kupindua. Mara mbili mkono ule ukamzuia. Hatimaye ukamwachia.

Alipindua. Sufuria ilipoinuliwa, dolma zilibaki zimesimama kama zilivyopangwa, mbavu juu yake. Bi Gulizar alitafuna moja polepole, uso umekunjamana.

"Limau halitoshi," akasema, akachukua ya pili, kisha ubavu.

Mwenye machela alipouliza kama mgonjwa amekula, Kewal alimsogezea sahani.

"Hesabu mifupa."

Machela ilirudi tupu. Faili bado lina maneno yale, kwamba alikataa hata cha kwao, nami nimekwisha kuandika barua mbili kudai yafutwe.