Maneno ya Muzee Ukumu na Vidonge Nilivyovitupa

Nakumbuka bado siku ile niliyosimama katikati ya matanga, hapa Mudzipela, mtaa huu wetu wa Bunia, watu wamenyamaza wakinisubiri, na maneno niliyotumwa kuyasema hayamo kichwani. Mwanangu, nimepita njia nyingi tangu wakati huo, na mengi ya njiani nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Umeniambia juzi kwamba vidonge vya kifafa vinakula akili yako, na kwamba unataka kuviacha kimyakimya. Sitasema unaongopa. Kaa kwanza nikusimulie. Sina mvi nyingi, ndiyo nimepita tu arobaini, lakini katika ugonjwa huu mimi ni mzee wako.

Nilianza kuanguka nikiwa na miaka tisa. Nyumbani nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu, kwa sababu watu waliamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Si kweli, lakini nilikula peke yangu mpaka nikamaliza sekondari. Kisha muuguzi mmoja wa dispansere, zahanati yetu ya mtaani, ambaye sote tulimwita dokta, akanianzishia fenobarbital, vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila jioni. Nikakaa miaka miwili bila kuanguka hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kusafiri, maana miguu yangu haikuumbwa ikae. Nilipanda juu ya malori ya Mahagi, nikanunua samaki wakavu wa ziwani, nikawaleta Bunia, nikarudi na sabuni na chumvi.

Ilikuwa miaka ile ambayo bunduki zilikuwa zimenyamaza bila kulala. Leo njia ni wazi, kesho hujui. Wengi waliogopa kusafiri hata kwa msiba. Basi kwetu kulikuwa na desturi: ndugu asiyeweza kufika kwenye matanga humpa msafiri maneno yake, na msafiri husimama mbele ya watu akayasema kama alivyoyapokea. Barua haikukubaliwa. Wazee walisema karatasi hailii. Mimi nilijulikana kwa kazi hiyo, kwa kuwa kichwa changu kilikuwa kinashika, na niliijivunia kuliko samaki wote niliowahi kuuza.

Lakini bandu bandu huisha gogo. Mwaka wa pili wa vidonge, mambo yakaanza kuteleza. Nilikutana na mtu ninayemjua vizuri, jina lake likakwama nyuma ya ulimi. Niliambiwa jambo asubuhi, mchana nikaliuliza upya. Wenzangu wa lori wakaniita muzee ya miaka makumi mbili, nami nikacheka nao. Dokta sikumwambia. Kila mwezi alipouliza kama niko vizuri, nilijibu niko vizuri, nikachukua pakiti yangu nikaondoka. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Muzee Ukumu alikuwa mtu wa Mahagi, na dada yake alikuwa amefariki huku Bunia. Marehemu aliacha binti anayeitwa Denise. Huyo Denise alikuwa ameolewa katika familia ambayo wakati wa vita ilikuwa upande mwingine, na tangu siku ya harusi mjomba wake hakusema naye tena. Sasa mzee alinikalisha mbele yake, akanipa maneno yake polepole, akataka niyarudie mara tatu. Niliyarudia bila kukosea. Akanishika mkono, akaniagiza nihakikishe Denise ameyasikia mbele ya watu wote.

Nikakaa siku mbili juu ya lori. Nilipofika kwenye matanga na kusimama, niliona vizuri uso wa mzee, nikasikia hata harufu ya tumbaku yake, lakini katika maneno yake sikupata hata moja. Unalijua jambo hilo, mwanangu. Ni kama kuingia nyumbani kwako ukakuta vyumba havina kitu. Watu wakaanza kutazamana. Basi nikasema kwamba Muzee Ukumu anawapa pole, Mungu awatie nguvu.

Denise aliinua uso kutoka kwenye mkeka.

"Mujomba alisema ile tu?"

"Ile tu, yaya," nilimjibu, kama mtu anavyomwita dada yake.

Akainamisha kichwa. Alielewa kwamba hata kwa kifo cha dada yake, mjomba hakuwa na neno kwa ajili yake. Mimi peke yangu ndani ya ua ule nilijua kwamba neno lilikuwepo.

Nilitoka pale na hasira, na hasira ikatafuta mtu. Sikujilaumu mimi niliyedanganya, nikalaumu vidonge. Siku ile ile nikavitupa vyote kwenye choo cha shimo. Wiki za kwanza niliona nimeshinda: usingizi mzito uliondoka, na kichwa kilikuwa chepesi kama kimeoshwa. Nikasafiri mpaka Epulu, kule msituni, na marafiki. Wananiambia tulimwona okapi, yule mnyama adimu wa msituni, na kwamba nilisimama kumtazama mpaka wakaniacha pale. Mimi sina safari hiyo kichwani. Nasimuliwa tu, kama wewe unavyosimuliwa sasa.

Kwa maana baada ya kurudi nilianguka sokoni, juu ya mbabula, lile jiko la makaa, ya mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi. Mafuta ya moto yalimwagika kwenye mkono wangu huu. Watu walikimbia, si kwa ukatili, bali kwa kuogopa mate. Mtu mmoja tu alikuja mbio, akanivuta kutoka kwenye makaa, akanilaza ubavu, akaweka kitenge chake chini ya kichwa changu. Alikuwa Denise, ambaye meza yake ya maharagwe haikuwa mbali. Kabla sijaamka nikashikwa tena, na tena, kifafa juu ya kifafa, mpaka wakanipeleka hospitali kwa moto, yaani pikipiki, Denise amenishika kwa nyuma nisidondoke.

Niliamka bila kujua ni mwezi gani, na safari yote ya Epulu imefutika. Denise alikuwa ananilisha uji kwa kijiko chake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini haniogopi.

"Mama yangu alikuwa na ugonjwa hii hii," alisema. "Nilikula naye sahani moja miaka yote. Weye ulifikiri uko peke yako mu Bunia?"

Nikamwambia yote: kwamba mjomba wake alikuwa na maneno kwa ajili yake, kwamba yalinitoka, kwamba nilitunga mengine. Aliweka bakuli chini. Kisha akasema nikipona nirudi Mahagi nikaulize, na njiani nisife.

Dokta alikuja kesho yake. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema ni kweli dawa ile, ikimezwa miaka mingi, inaweza kuchelewesha akili na kufifisha kumbukumbu, na kwamba alikuwa akiniuliza kila mwezi ili ajue. Angeweza kupima upya kipimo changu. Angeweza kunihamisha kidogo kidogo kwenda dawa nyingine.

"Dawa inafanya akili itembee polepole," alisema. "Lakini kuanguka hivi, moja juu ya ingine, kunaivunja. Na kuacha fenobarbital yote kwa mara moja, ni kujiitia kifo. Weye ulikuwa na shida ndogo, ukaifukuza na kubwa."

Mkono ulipokauka nikapanda lori kwenda Mahagi. Mwanangu, sijawahi kuiona njia ile kuwa fupi namna hiyo. Nilitamani gari liharibike. Muzee Ukumu alinisikiliza mpaka mwisho, akizungusha fimbo yake, na mimi nikamaliza kwa kusema kosa ni la vidonge.

"Kusahau ni ya mwili," alisema. "Siwezi kukugombeza juu yake, miye pia nasahau. Lakini kuweka maneno yako pahali ya maneno yangu, ile si dawa. Ile ni weye. Ungesema tu mbele yao: nimesahau, mungojee nirudi. Mutoto wa dada yangu angengoja."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la mjukuu wake na kalamu, akaniambia niandike. Nikamkumbusha kwamba karatasi hailii. Akasema kulia atalia Denise mwenyewe, kazi yangu ni kufikisha.

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Niliporudi Bunia nilimsomea Denise mbele ya mume wake na majirani: "Nilikosea kukunyamazia. Mama yako alinisihi, sikumsikia. Njoo nyumbani na bwana yako na watoto, muingie kwa mlango wa mbele." Denise aliomba nisome tena. Nikasoma tena. Njia ilipotulia walikwenda wote, na mzee aliwapokea akiwa hai.

Hiyo ndiyo sababu nimekuzuia usiondoke. Usikubali mtu akuambie kwamba unajidanganya ukisema dawa inakugusa kumbukumbu. Wewe ndiye unayekaa ndani ya kichwa hicho. Ila neno hilo lipeleke kwa muuguzi, wala usilipeleke chooni na vidonge vyako. Andika siku uliyosahau na ulichosahau, umwonyeshe, umwambie hata yale ya aibu, na umwache abadilishe polepole. Mimi nilibadilishiwa dawa taratibu, kwa miezi. Bado nasahau majina, nami naandika kwenye daftari mambo ambayo zamani ningebeba kichwani. Okapi wangu hajarudi, wala hatarudi. Na neno likikutoka mbele ya watu, sema limenitoka. Watu wanaweza kungojea zaidi ya unavyodhani.

Haya, nenda dispansere kabla hawajafunga. Mungu akutangulie njiani, akulinde na moto na maji, akupe watu wa kula nawe sahani moja. Na siku utakapoanguka, maana bado unaweza kuanguka, awepo karibu mtu asiyekimbia.