Mkono Chini ya Leso

Wiki jana nilimpelekea dada yangu uji hospitalini. Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja kutoka kijiji cha Gesima, mchuma chai, mwenye kansa ya titi. Muuguzi wa kike alimchoma sindano mkononi, akaiunganisha na chupa ya dawa iliyotundikwa juu, kisha zamu yake ikaisha. Aliyempokea alikuwa mwanamume, na kumbe ni mume wa binti wa mgonjwa.

Kwetu mama mkwe hamwonyeshi mkwewe mwili. Mama alivuta leso akafunika mkono wote hadi vidole. Mkwe naye akawa anatazama chupa tu.

"Unawaka," mama aliniambia kwa sauti ya chini.

"Dawa kali huwaka," nikamjibu, utadhani mimi ndiye daktari.

Baadaye akarudia, "Mwanangu, mkono unawaka." Nikamwambia avumilie, chupa inakaribia kuisha.

Ilipoisha, aliitwa muuguzi wa kike kutoka wadi jirani, akafunua leso. Sindano ilikuwa imechomoka mshipani na dawa yote kumwagikia chini ya ngozi. Mkono ulikuwa umevimba, umejaa malengelenge.

"Mama, mbona hukusema?" mkwe aliuliza, macho sakafuni.

"Nilisema," akajibu, akinitazama mimi.

Wale wawili walifungwa na mila, sina la kuwalaumu. Mimi sikuwa mkwe wa mtu pale. Nilikuwa na mikono miwili mizima, na yote ilikuwa imeshika kikombe cha uji.