Petroli Tupu

Siku tuliyomzika kaka yangu, ilitangazwa pale makaburini kama ilivyo desturi: aliyekosewa na marehemu amsamehe. Tukaitikia kwamba tumesamehe, mimi kwa sauti kuliko wengi. Swali la upande wa pili, nani alimkosea marehemu, halikuulizwa. Desturi zetu zina huruma sana kwa walio hai.

Mimi nilimuulia pikipiki.

Ilikuwa ya zamani, ya aina ile ambayo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, kama mashine za boti. Miaka mitatu kabla hajafa niliiazima kwenda Msimbati kununua samaki.

"Ukiongeza mafuta, changanya," aliniambia. Alisema mara mbili, kwa kuwa alinifahamu.

Wakati wa kurudi nilinunua petroli ya chupa njiani, nikaimimina tupu, nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye akili zake. Sikufika mbali. Injini ilikaza, nikarudi Mtawanya juu ya gari la mizigo, mimi, samaki na pikipiki.

"Imezima yenyewe," nilimwambia.

Kaka alichuchumaa, akaitazama sana. "Labda asubuhi nilikosea kipimo cha oili."

"Labda," nikasema.

Ikaingizwa bandani, kuku wakaipenda. Kaka akawa anakwenda kwenye mikorosho yake kwa miguu, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na mkewe akimsindikiza kwa maneno: mwanamume mzima hajui kupima oili! Mara nyingine nilikuwepo, nikinywa chai yao.

Shemeji alipokaa eda, nikaomba kuitengeneza. Ukoo mzima ulinisifu. "Huyu ndiye ndugu," mjomba alisema. Sikumbishia, yeye ni mtu mzima.

Nikaipeleka gereji, kule Chuno. Fundi aliizunguka, akatoa yai kavu chini ya kiti, ambacho sponji lake panya walishalimaliza.

"Baba, huyu mgonjwa umemchelewesha. Ameshaoshwa, bado sanda tu."

Nilicheka. Nilikuwa na wiki mbili tangu kuzika, na ndivyo nifanyavyo, nacheka. Alipofungua injini akanionyesha pistoni iliyochubuka.

"Hapa kuna mtu alitia petroli tupu. Nani huyo?"

"Watu wengine hawana akili," nilijibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kweli juu ya jambo lile, ingawa si yote.

Silinda ikachongwa. Pistoni ya kuiingia ilitafutwa wiki saba. Tangi nililitikisa mwenyewe, na kokoto na dizeli ndani, mpaka kutu ikatoka na mabega yangu yakakoma. Hatimaye ikawaka, na moshi wake wa bluu.

Eda ilipokwisha nikaipeleka uani kwa shemeji, nikaipiga kiki mbele yake. Ikaitika. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Angekuwepo! Nilimsema mno mume wangu kwa ajili ya hii."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Kazi hiyo nilikuwa na uzoefu nayo wa miaka. Lakini alivyosema vile, nikashindwa.

"Shemeji, niliiharibu mimi. Nilitia petroli tupu, nikamwacha ajilaumu."

Aliuzungusha ufunguo, akaizima.

"Nikamtukana yeye."

"Ndiyo."

"Huku wewe unakunywa chai yangu."

"Ndiyo. Naomba unisamehe."

"Mimi ndiye marehemu?" Akafunga kanga vizuri, akachukua jembe. "Nakwenda shambani. Kwa miguu, kama alivyokwenda. Na wewe ikokote hiyo."

"Lakini ni nzima, shemeji."

"Nimesikia ikiwaka. Kokota."

Hatukufika hata kona ya kwanza. Jirani mmoja alikuwa barazani, anapepeta mchele.

"Pole, jamani! Bado haijapona tu hiyo?"

Shemeji akasimama. "Mjibu."

"Imepona," nikasema. "Niliiua mimi, kaka akalaumiwa bure."

Jirani akaacha kupepeta. Shemeji akaanza tena kutembea, nami nikasukuma nyuma yake.

Watu wa Mtawanya wanajali sana shida za wenzao. Kabla ya kufika kwenye mikorosho walikuwa wameniuliza wanane, na wote niliwajibu. Wa tisa alipita kimya na baiskeli yake, nikashukuru Mungu. Shemeji akamwita arudi.