Mwanamke Asiyeomba Njia

Wistanhope ni mji wa watu wenye adabu mpaka inachosha. Ukimkanyaga mtu mguu sokoni, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Katika mji huo aliishi mwanamke mmoja ambaye ugonjwa huo haukumpata, naye ni Dilys Gittins, dobi mstaafu wa miaka sabini na minne, mfupi, mpana, na mwenye sauti ya kuita kondoo ng'ambo ya bonde.

Dilys alibakiwa na ndugu mmoja tu, dada yake Olwen, aliyeishi Hope Ash, nyuma ya Kilima cha Brindle. Olwen miguu ilikuwa imemwisha nguvu, hatoki nje. Kila Jumapili Dilys alishika kijia kinachoanzia nyuma ya kanisa, akakata malisho ya kondoo ya shamba la Brindle, akapanda katikati ya mialoni, na kabla ya dakika arobaini yuko jikoni kwa dada yake na birika linachemka. Kwa barabara ni maili saba, hakuna pa kukanyaga ila palepale magari yanapopita, na Jumapili basi haliji. Undugu wao wote ulipita kwenye kijia kile.

Mzee Horace Beddoes, mwenye shamba, alipochoka alimuuzia Bwana Rupert Sallis wa London. Bwana Sallis alipenda utulivu. Wiki ya tatu akafunga geti kwa mnyororo, akavuta seng'enge juu yake, na kutundika kibao: Njia Hakuna. Dilys alifika na keki yake ya tangawizi, akakisoma kibao mara tatu, akarudi nyumbani. Alimpigia dada yake simu.

"Siji leo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimefungiwa."

Akaila ile keki peke yake kwa muda wa siku nne, kwa hasira, hata utamu asiusikie.

Aliyeshika kesi ni Clive Tranter, mwalimu mstaafu wa jiografia na katibu wa chama cha watembeaji, mtu anayelala na ramani. Kijia kile, alieleza, hakikuandikwa katika ramani ya serikali, lakini sheria ina mlango. Watu wakithibitisha kwamba wamepita kwa miaka ishirini, bila kuvunja kitu, bila kujificha na bila ruhusa ya mwenye ardhi, njia inakuwa ya umma mpaka mwisho wa dunia. Hilo la ruhusa, kwamba aliyeomba akapewa hahesabiwi, Clive alilitaja mbiombio. Kwa fikra zake ruhusa ni karatasi yenye sahihi, na nani Wistanhope aliwahi kuandikiwa karatasi? Akachagua mashahidi kumi na wawili, watu wa heshima zao.

"Mimi je?" Dilys akauliza.

"Bi. Dilys, wewe utatusaidia kwenye chai."

"Kwa nini chai?"

"Kwa sababu ulimwita mwenyekiti wa halmashauri kiazi."

"Alikuwa kiazi."

"Sikatai. Lakini uliandika kwenye barua."

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa kanisa ulijaa. Mkaguzi wa serikali, ambaye ndiye angeamua, alikuwa mama mtulivu, mwenye daftari na buti zilizokwisha kuona matope mengi. Wakili wa Bwana Sallis alikuwa kijana wa sauti laini, na swali lake lilikuwa moja tu. Alianza na Bi. Marjorie Hotchkiss, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye alikuwa amepita kijia kile miaka arobaini.

"Na kwa Bwana Beddoes uliomba ruhusa?"

"Niliomba, bila shaka. Mtu hapiti kwa mwenzake kama mbuzi."

"Naye akakubali?"

"Kila mara. Na Krismasi nilimpelekea pai za zabibu kumshukuru."

Wakili akaandika, akatabasamu. Akaja daktari wa mifugo: naye aliomba. Wakaja mume na mke wenye duka la mikate: waliomba wote wawili, kila mmoja kivyake, wasije wakaonekana wamechukulia mambo hivihivi. Mdomo huponza kichwa, na hawa waliponzwa na midomo mitamu. Kufikia saa sita mashahidi wote kumi na wawili walikuwa wamejieleza jinsi walivyo waungwana, na kila mmoja alikuwa ameizika njia kwa koleo lake. Clive alikaa ameshika kichwa. Hata yeye mwenyewe, akaungama, alikuwa akimpungia mzee mkono na kumuuliza kama hana neno.

Kwenye meza ya chai Dilys alikuwa akimimina, kikombe kimefurika, chai inatiririka sahanini wala haoni. Aliona jikoni kwa dada yake, na kiti chake kitupu.

Ili kupigilia msumari wa mwisho, wakili alimwita mzee Beddoes mwenyewe, miaka themanini na saba, kofia mapajani.

"Bwana Beddoes, kila aliyepita alipita kwa ruhusa yako. Ndivyo?"

Mzee aliizungusha kofia. Shamba alikwisha kuliuza, pesa alikwisha kuzila, na Bwana Sallis alikuwa amemtumia gari zuri limlete. Lakini uungwana ni vitendo.

"Kila aliyeomba, nilimpa," alisema.

"Na wote waliomba."

"Hapana. Yule hakuomba." Akanyoosha kidole kwenye meza ya chai.

Ukumbi mzima uligeuka. Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Mama, njoo hapa tafadhali. Na birika unaweza kuliacha."

Dilys alikuja nalo vilevile.

"Uliwahi kumwomba Bwana Beddoes ruhusa ya kupita?"

"Kumwomba yule? Ningeanza na ng'ombe wake."

"Kumshukuru?"

"Kwa lipi? Mwaka themanini na sita, kwenye maonyesho ya mboga, alikuwa jaji. Mumunye langu lilikuwa refu kama mtoto wa miaka miwili. Akampa ushindi shemeji yake. Toka siku hiyo sijampa hata salamu."

"Ulipita kwa siri?"

"Saa moja na nusu kila asubuhi, mbele ya dirisha lake, miaka ishirini na sita, nikienda kufua mashuka ya hoteli ya Hope Ash. Na wanawake sita nyuma yangu wanaimba."

"Wanaimba vibaya," alisema mzee Beddoes.

"Na hao sita, waliomba?"

"Niliwakataza. Niliwaambia, atakayemsalimia mzee huyo atafua mashuka ya siku hiyo peke yake. Wanne wako hai. Wawili ndio wale, wanamaliza biskuti zangu."

Wale wawili walisimama, midomo imejaa, wakaapa kwamba ni kweli. Wakili alimgeukia mzee, na sasa sauti haikuwa laini sana.

"Kwa nini hukuwazuia?"

"Ningewazuiaje? Ingebidi niseme naye, na yeye hasemi nami."

Mkaguzi aliinamia daftari lake akaandika kwa muda mrefu, na waliokaa mbele wanasema mabega yalikuwa yakimtikisika.

Barua ilifika majira ya kuchipua. Njia ni ya umma. Clive aliisoma kwa sauti barabarani, akalia bila kuona haya, na mji wote, watu wale wa kunong'ona, walipiga kelele mpaka kunguru wakahama mnara wa kanisa. Bwana Sallis aliagizwa atoe mnyororo, akautoa. Jumapili ya kwanza ya Mei watu tisini walimsubiri Dilys pale getini, na hakuna aliyethubutu kutangulia.

Alikuja na keki yake. Pembeni ya geti mzee Beddoes alikuwa ameegemea fimbo, kavua kofia.

"Dilys," alisema, "naomba nipite nawe. Nataka kuiona ile mialoni tena."

Dilys alimtazama. Miaka thelathini na mitatu ilikuwa imepita baina yao bila hata neno moja.

"Hapa haombi mtu, Horace," akasema, akamshika kiwiko, akasukuma geti.

Walipanda polepole, mji wote nyuma yao. Msituni chini palikuwa buluu tupu kwa maua, huoni pa kuweka mguu isipokuwa kwenye kijia. Kwenye mwaloni wa tatu mzee alisimama kupumua.

"Lile mumunye lako," alisema. "Lilikuwa la kwanza."

"Najua. Tembea."

Olwen alikuwa dirishani, shali begani. Mlango ulikuwa wazi.

"Umechelewa," alisema. "Miezi kumi na minne."

"Nilikuwa na shughuli," Dilys akajibu, akaweka keki mezani. "Ongeza kikombe kimoja."