Yai la Shangazi

Shangazi yangu hutengeneza sabuni nyuma ya nyumba, na vidole vyake vimebabuka kwa magadi. Kabla ya kutia mafuta, hutumbukiza yai kwenye maji ya magadi. Likizama, anaongeza magadi. Likielea, anaendelea na kazi. Darasani hajawahi kukaa hata siku moja.

Tangazo la masomo ya sayansi ya Jumamosi lilipobandikwa mlangoni pa maktaba, aliniambia, "Wewe uliyefika la tatu, hebu nisomee."

Nilimsomea siku, saa, na kwamba ni bure. Mstari wa mwisho, uliosema watu wa rika zote wanakaribishwa, niliuruka. Niliona haya kukaa naye mbele za watu na vidole vile.

"Kama watu wazima hawakutajwa, basi ni ya watoto," alisema. "Nenda, uje unisimulie."

Jumamosi mwalimu alitia yai kwenye glasi ya maji, likazama. Akakoroga chumvi, likapanda juu. "Nani amewahi kuona kitu kama hiki?" akauliza. Nikatazama viatu vyangu.

Nyumbani Shangazi alinidaka mlangoni. "Haya profesa, mmefundishwa nini?"

"Yai kuelea."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Yai langu! Si ningewafundisha mimi hao? Ila ndiyo hivyo, ni ya watoto."

Uso uliniwaka. "Shangazi, kuna mstari sikukusomea." Nikamwambia ulivyosema.

Sababu sikumwambia. Aliitazama mikono yake, kisha akaificha ndani ya mifuko ya aproni.